Mwaka Tulioingoja Ruzuku

Bi Arafa alifariki mwezi wa Rajabu, na mimi nikafika Lindi siku ya hitima, mazishi yameshapita. Waliokuwapo walikuwa wajukuu zake na majirani wapya, watu wema, wakanikaribisha upande wa wanawake, wakanipakulia pilau, wakaniuliza nilimfahamu vipi marehemu. Nikasema nilimfanyia kazi zamani. "Dukani?" akauliza msichana mmoja mwenye simu mkononi, kwa sababu siku hizi mbele ya nyumba kuna duka la misumari na mabati. Nikamwambia si dukani, ni humuhumu ndani, nyumba hii ilikuwa ya kulelea wazee. "Haa! Bibi alikuwa na wazee?" akasema, kisha akakumbuka adabu, akaniongezea mchuzi. Niliangalia ukuta wa sebule. Umepakwa rangi ya kijani, na mahali palipokuwa na benchi la wanaume pana friji. Nikajiona mjinga kukaa pale na kitu kikubwa namna ile kifuani bila mtu wa kumgawia, maana wote walioishi nami mwaka ule sasa ni marehemu. Nimerudi nyumbani kwangu nikaamua niandike, nisije nikafa nacho na mimi.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nililelewa vipi. Mambo hayo nimeyachoka hata mwenyewe. Inatosha kujua kwamba nilitoka Tingi nikiwa msichana, nina mafunzo mafupi ya uuguzi, nina sanduku la bati, na sina mtu yeyote anayenisubiri nirudi. Bi Arafa alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mkali wa maneno, na alipokea wazee waliomalizwa na mashamba ya mkonge. Walikuja vijana kutoka bara na ng'ambo ya Ruvuma kukata mkonge wa Wazungu, wakauzeekea humo, na mashamba yalipoanza kufa wakaachwa kwenye vibanda vya kambi na vidonda vyao na vikohozi vyao. Mume wake Bi Arafa ndiye aliyeanza, kwa sadaka, na alipokufa aliacha nyumba mbili za kupangisha ambazo kodi yake ndiyo iliyowalisha wale wazee. Zile nyumba za kupangisha zikachukuliwa na serikali, kama zilivyochukuliwa za wengine wengi miaka ile. Bi Arafa hakulalamika mbele ya watu. Alikwenda kusema kwamba basi wazee nao wachukuliwe, na wakamjibu kwamba serikali haina pa kuwaweka. Abaki nao, naye atapewa ruzuku kwa kila mzee, kila baada ya miezi mitatu. Alipewa mara ya kwanza, kwa wakati. Nadhani ndiyo iliyomfanya aniajiri mimi.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, zamani ghala la korosho, na harufu ya yale maganda haikutoka kwenye kuta hata kwa chokaa. Kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia gauni, dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Vyumba vya wazee vilifuatana upande wa pili, viwili vya wanaume na kimoja cha wanawake, na katikati jiko la makuti na pipa la maji. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kufua mashuka, kuchemsha bandeji na kuzianika, kugeuza wasioweza kujigeuza. Asubuhi nilikuwa na shughuli na sikuhisi kitu. Mchana, wazee wakishalala, jua likisimama uani, ndipo nilipohisi upweke wenyewe, upweke wa kukaa kizingitini na kusikia watoto wa mtaani wakicheza upande wa pili wa ukuta na kujua hakuna hata mmoja anayejua jina langu. Nilikuwa na umri wa kuolewa na hakuna aliyekuja kuuliza. Mjini nilijulikana kama yule wa nyumba ya wazee, na wanawake sokoni walinipisha njia kidogo, wakidhani naambukiza kitu.

Aliyenitoa katika hali hiyo ni Mzee Mketo. Alikuwa Mngindo wa Likawage, huko ndani kabisa ya Kilwa, mwembamba, mwenye kovu refu la mkonge kwenye mkono, na mguu mmoja uliokuwa na kidonda kisichopona. Ndicho nilichokiosha kila siku, na wakati nakiosha tulizungumza. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti. Umeamkaje? Ukuta wako haujambo?" Alinitania kuhusu ule ukuta nje ya dirisha langu, akisema ndiye mchumba wangu, maana natazamana naye kila siku. Ijumaa tulipokuwa tukila wali, yeye alikwenda jikoni mwenyewe kwa mkongojo, akakwangua ukoko wa chini ya sufuria, akaniletea kwenye kifuniko, kwa kuwa aliniona mara moja nikiula kwa siri. Hakuna aliyewahi kuona ninachokipenda akakikumbuka. Nilimpenda mzee yule kama mtu anavyompenda baba, na ninasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia.

Naye alikuwa na binti. Ndivyo alivyosema. Aliitwa Somoe, alikuwa Likawage, na angekuja kumchukua mambo yakitengemaa. Nilivyomsikiliza niligundua Somoe hakai umri mmoja. Leo alikuwa mtoto wa kubebwa anayelia akiona mbuzi, kesho alikuwa na watoto wake na shamba la mtama. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye chumba cha wanawake, Bi Tatu, aliyepooza upande mmoja na kuachiwa ulimi mzima, na yeye alidai ni mtani wa Mzee Mketo, kwa hiyo hakumwacha apumue. "Mketo! Somoe wako anakuja kwa miguu au analetwa na mwewe?" Alipiga kelele hivyo kutoka kitandani, na Mzee Mketo akajibu kupitia ukutani kwamba akija atakuja na jembe la kumzikia Bi Tatu. Wote walicheka. Lakini niliona kwamba Bi Tatu, pamoja na ukorofi wake wote, hakuwahi hata siku moja kusema Somoe hayupo. Kila mmoja mle ndani alikuwa na mtu wa namna hiyo, mtoto, mpwa, mdogo wake, aliyekaribia kuja, na hakuna aliyemgusa wa mwenzake.

Ruzuku ya pili haikuja. Mwanzoni sababu ilikuwa mvua. Barabara ya kusini ilikatika kama inavyokatika kila mwaka, na hata chumvi na mafuta ya taa vilikuwa taabu. Mvua ikaisha. Bi Arafa akavaa baibui lake kila Jumatatu, akaenda ofisini, akarudi, akaketi kwenye kibao cha mbuzi jikoni bila kukuna nazi. "Fungu halijafika," alisema, na hilo likawa neno la nyumba. Mzee Mketo akiulizwa na Bi Tatu kama amepata choo, alijibu fungu halijafika. Tulicheka, na chakula kilibadilika taratibu tukiwa tunacheka. Wali wa Ijumaa ulikoma, na ukoko wangu nao. Tukawa tunakula ugali wa makopa ya muhogo na dagaa, kisha ugali na kisamvu kisicho na nazi, kisha wanawake kutoka vijijini walipoanza kuuza ming'oko, ile mizizi ya porini, tukachemsha ming'oko, tukaimenya na kuila kwa chumvi. Bi Arafa akasogeza chakula kikawa alasiri. "Kitakuwa cha mchana na cha usiku, Zena," aliniambia, akikwepa macho yangu. "Wazee hawapendi kula gizani hata hivyo." Sabuni ilipokwisha nilifua mashuka kwa maji ya majivu, mikono ikachubuka, na mimi nikafurahi kidogo kuwa na kidonda changu.

Vitu vilianza kutoka nyumbani kwenda rehani. Kwanza cherehani. Kisha sufuria kubwa za shughuli, kisha mlango wa nakshi wa chumba chake mwenyewe, ukawekwa pazia la kanga. Kaka yake alikuja mchana mmoja, na kwa kuwa mlango haukuwapo nilisikia kila kitu nikiwa naanika bandeji. "Funga nyumba, Arafa. Wanakuita mnyonyaji, unajua? Wanasema unakula kwa migongo ya wazee." Bi Arafa akacheka, kicheko kikavu. "Waje waone ninavyonenepa," akasema. "Basi wapeleke makwao." "Wana kwao, hao?" Kaka akavaa viatu, akatoka. Baadaye nilimwona Bi Arafa akijifuta uso kwa lile pazia, haraka, na mimi nikainama kwenye beseni. Ningeweza kwenda kumshika bega. Lakini hatukuwa watu wa kushikana mabega, yeye na mimi. Tuliishi nyumba moja mwaka mzima kila mmoja na upweke wake, tukiulizana habari za mashuka.

Ndipo akaja afisa wa ustawi wa jamii, yule tuliyemwita Bwana Ustawi. Kabla fungu halijatolewa, ofisi ilitaka kuhakikisha kwamba wazee ni wazee kweli na hawana wa kuwatunza. Sisi tulifurahi. Bi Arafa aliazima viti kwa majirani, akatufanya tuwaogeshe wote, wanaume wakavaa kanzu zao za Idi na kofia, Bi Tatu akabebwa na kuegemezwa kwenye mito kwenye kona ya sebule, amepakwa wanja. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa hakuna aliyeliona. Tulitaka wapendeze kwa mgeni, na walipendeza. Walikaa kwenye mabenchi yale kama wakwe wanaosubiri mahari. Bwana Ustawi alikuwa kijana wa bara, mpole, viatu vimeng'aa, alisalimia kila mmoja shikamoo kwa mikono miwili, na sikumchukia wakati ule wala simchukii leo. Alikaa katikati ya sebule, akawauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika kwa sababu aliambiwa wazee hawasikii vizuri.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mketo, kwa kuwa alikaa karibu na mlango. Jina lake, kwao, kazi aliyofanya. Kisha: "Mzee, una watoto?"

Mzee Mketo alirekebisha kofia. "Ninaye. Binti."

"Yuko wapi?"

"Likawage. Anaitwa Somoe."

"Ana uwezo wa kukulea?"

"Ana shamba," akasema Mzee Mketo, na akatazama mbele kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama, kichwa juu.

Baada ya hapo nani angesema hana? Utamwambia mgeni msomi, mbele ya wenzako ulioishi nao, umevaa kanzu yako ya Idi, kwamba umepita duniani ukatoka bila mtu? Kwetu mtu haambiwi hilo hata na adui. Kila aliyefuata alikuwa naye. Mmoja alikuwa na wapwa wawili Mchinga. Mwingine alikuwa na mtoto wa kiume mkubwa wa kazi Tanga. Zamu ilipofika kona ya Bi Tatu nilidhani yeye angalau, kwa ulimi ule, atasema kweli. "Saba," akasema Bi Tatu. "Wa kike wanne." Bwana Ustawi akatabasamu, akasema hongera bibi. Nilimtazama Bi Arafa. Alikuwa amesimama penye pazia lake la kanga, midomo imekauka, na niliona anavyoelewa. Angesema neno moja tu, "Bwana, hawana hao," fungu lingetoka. Hakulisema. Kuna mambo ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kuyafanya hata kwa njaa, na kumkanusha mzee usoni mbele ya mgeni ni mojawapo. Alileta chai ya tangawizi, isiyo na sukari, na Bwana Ustawi akainywa yote.

Jibu lililetwa na tarishi kwa mdomo, uani, mimi nikiwapo. Fungu la ruzuku halitatolewa, maana wazee wana jamaa. Na kwa kuwa ni mwaka wa watu wote kurudi vijijini na kuishi pamoja, ofisi imewafikiria, itatoa lori liwapeleke kwa watoto wao. Lilikuwa ni lori lilelile la operesheni ya vijiji, lililokuwa likihamisha watu na masufuria yao kila siku. Tarishi alileta habari hiyo kwa furaha. Bi Arafa alivaa baibui palepale, ikiwa siku ya Alhamisi, akaenda. Alirudi na kitu kimoja tu alichoweza kukipata kwa Bwana Ustawi: atarudi tena, na mzee yeyote atakayemwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hana mtu, huyo atabaki, na ruzuku yake itatafutwa. Wasioweza kusema, watapanda lori.

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizopitia. Bi Arafa aliingia chumba hadi chumba, akafunga mlango, akanong'ona. Bwana Ustawi aliporudi, safari hii bila mabenchi, Bi Tatu aliomba awe wa kwanza. "Haya, andika," alimwambia. "Bi Tatu hana mtu. Saba nilikuwa nao kweli, sikukudanganya. Wote wako Mingoyo, chini ya udongo." Kijana yule alisimama, akaomba radhi. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, wakisema kwa sauti ndogo na kutazama mikeka. Bi Tatu aligeukia ukutani akakaa hivyo siku nzima, na wala hakumtania mtu. Hakuna kitu kilichonitisha mwaka ule kama ule ukimya wake.

Mzee Mketo alikataa. Nilikwenda kumwona uani, alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa anamenya ming'oko, nikachukua na mimi kisu nikakaa chini karibu naye. Nilijua ninachotaka, na nilikitaka kwa nguvu zangu zote: asiondoke. Akiondoka, nilijiona kila asubuhi nikiamka na kuusalimia ule ukuta peke yangu.

"Mzee, mwambie tu kwamba Somoe hayupo. Ni neno moja."

"Hayupo wapi?"

"Likawage."

"Wewe umeshafika Likawage?"

"Sijafika."

"Basi." Akamenya mwingine, polepole. Kisha akasema, kwa upole, bila kunitazama, "Nikisema sina, binti, nitabaki. Bi Arafa atanipa chakula, na wewe utanifunga mguu wangu. Lakini nitakuwa nakula chakula cha mtu asiye na mwana. Sijawahi kukila hicho. Sitakiweza."

"Na huko ukikuta hakuna mtu?"

"Atakayeona hakuna mtu ni wewe, si mimi," akasema, na nikajua mazungumzo yamekwisha.

Niliambiwa niongozane nao kwa sababu ya vidonda. Walikuwa watatu waliokataa kusema. Bi Arafa aliwafungia mihogo ya kuchemsha kwenye majani, na alipomfikia Mzee Mketo alimpa shuka jipya, sijui alilipata wapi, na akamwambia, "Msalimie Somoe." Alilitamka bila dhihaka yoyote. Mzee Mketo akaitikia kwamba salamu zitafika. Yule wa Mchinga aliteremka kwanza, na kumbe mpwa alikuwapo kweli, mwanamume mnene aliyetoka akinung'unika, akambeba mjomba wake mgongoni hadi ndani. Nilipata matumaini ya kijinga. Wa pili tulimwacha Kiranjeranje kwa imamu aliyesema atamuulizia jamaa zake. Tukalala hapo. Kesho yake tukaingia barabara ya ndani, msituni, lori likiyumba, na Mzee Mketo alikaa mbele kwa dereva akimwonyesha miti. Alikuwa akiikumbuka kweli. Alisema hapa palikuwa na kisima, na kisima kikatokea. Mimi nyuma kwenye magunia nilisikiliza na moyo ukapanda na kushuka.

Likawage yenyewe haikuwa mahali alipopaacha. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka vitongoji vya mbali, nyumba mpya za miti zimepangwa kwa mistari, bado hazijakandikwa, na vumbi jekundu kila mahali. Lori lilipozima injini walikuja wote, wanawake na majembe yao, watoto, mwenyekiti wa kijiji kwenye fulana iliyotoboka. Tulimteremsha Mzee Mketo. Alisimama kwa mkongojo katika lile shuka jipya alilojitanda begani, akaamkiwa, akaitikia kila shikamoo, hakukosa hata moja. Mwenyekiti akauliza kwa sauti, kama kijana yule alivyouliza sebuleni, mbele ya kijiji kizima: "Mgeni wetu ni mgeni wa nani?"

"Wa Somoe," akasema Mzee Mketo. "Binti yangu."

Jina hilo kusini ni la kila nyumba. Wakaitwa. Wa kwanza alikuja mwanamke mzima, mtoto mgongoni, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akimpa nafasi, kisha akapiga goti. "Si mimi, baba. Unisamehe." Akaja wa pili, mwenye umri zaidi, akajifuta mikono kwenye kanga, akatazama, naye akasema si yeye, baba yake amezikwa pale, akaonyesha. Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Walikuwa watu wenye heshima, hakuna aliyecheka, waliinamisha macho tu, na kule kuinamisha macho kulikuwa kubaya zaidi. Sikuweza kuvumilia. Nikapita katikati ya watu, nikasimama kando yake, nikasema kwa nguvu, "Mimi ndiye binti yake. Mtatusamehe, tumekosea kijiji. Ninarudi naye nyumbani."

Nilimaanisha. Ningemweka kwenye ghala langu la korosho, nami ningelala jikoni. Bwana Ustawi asingekuwa na la kusema, kwa kuwa mzee ana mtoto na mtoto anamlea. Nililiona lote kwa mara moja, na nilikuwa na furaha niliyokuwa sijawahi kuipata, hapo kwenye vumbi, mbele ya watu nisiowajua. Mwenyekiti alishusha pumzi. Kila mtu alishusha pumzi. Mzee Mketo akanigeukia, akanitazama, na macho yake yalikuwa na huruma. Kisha akawageukia wao.

"Huyu ni muuguzi wangu," akasema. "Binti wa watu, mwema sana, Mungu atamlipa. Lakini si mwanangu. Mwanangu hajarudi kutoka shamba. Nitamsubiri."

Akaomba mahali pa kukaa. Yule Somoe wa pili, aliyezika baba yake, akaenda akaleta kigoda, akakiweka kwenye kivuli cha paa lake. Mimi nilipiga magoti nikafunga mguu wake upya, nikimwonyesha yule mama namna ya kuchemsha vitambaa, na machozi yakadondokea bandeji. "Nenda, binti," Mzee Mketo akaniambia. "Usichelewe gari." Dereva alikuwa ameshawasha.

Ruzuku ilikuja mwaka uliofuata, pungufu, na haikutosha kukomboa hata mlango; Bi Arafa aliendelea na wale waliobaki hadi alipomzika Bi Tatu, kisha akafunga. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa hospitalini. Siku moja dereva yule wa lori alikuja kushonwa kidole, akanitambua. Akaniambia alipita Likawage wakati wa kiangazi. Mzee yupo, yuko kwenye kigoda kilekile mlangoni kwa yule mama, kidonda cha mguu kimekauka, na kijiji kizima kinamwita Baba Somoe. Nilimshukuru, nikamaliza kumshona, nikafunga fundo vizuri. Kisha nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikalia. Nilifurahi kwa ajili yake, wallahi nilifurahi. Nililia kwa sababu mara moja maishani nilisimama mbele ya watu nikasema mimi ni mtoto wa mtu fulani, na mtu huyo akanikataa kwa adabu.